Mto Uliotukatia Njia ya Walikale

Nikisikia harufu ya mafuta ya mazutu iliyochanganyika na tope, mimi huziba pua mpaka leo. Ndiyo harufu ya lori lililotubeba, mimi na Mama, kutoka kwetu Masisi kwenda Walikale, upande wa magharibi, miaka ile ya sitini nilipokuwa msichana mdogo wa kutumwa maji.

Dada yangu Sifa, kifungua mimba wa nyumba yetu, alikuwa ameolewa na mwalimu huko Walikale. Mchuuzi wa mawese alipita kwetu akatuambia kwamba Sifa amejifungua salama, lakini homa imemshika na anamwita mama yake. Mama aliyaacha maharage motoni. Papa akabaki na wadogo zangu. Mimi nikachukuliwa ili nikamlee mtoto mchanga. Nilijiona mtu mkubwa kweli.

Tuliketi juu ya magunia, tumebanana na mzee mmoja na mbuzi wake. Mbuzi alitafuna ukingo wa kofia ya mzee, nami nikacheka hadi machozi. Mama hakucheka. Alimwuliza dereva tutafika lini.

"Mama, ni barabara njo itasema," dereva akamjibu kwa upole.

Tuliteremka milima, baridi ikatuacha, tukaingia katika joto la msitu. Mvua haikukoma. Lori liliponasa, Mama alisukuma pamoja na wanaume. Mzee akamtuliza kwamba haraka haraka haina baraka. Mama akarudi kusukuma.

Kisha tukafika kwenye mto uliokuwa umesomba daraja la magogo. Mama alikunja kitenge chake aingie majini; wanaume wakamshika. Hapo tukalala, tukaamka, tukalala tena. Kila asubuhi alisimama ukingoni akiyatazama maji yasiyopungua.

Alasiri moja shemeji yangu, mume wa Sifa, akatokea ng'ambo. Nilimtambua kwa urefu wake. Kifuani alibeba kitu ndani ya kitambaa. Niliruka nikampungia mkono, nikapaza sauti kumwuliza Dada yuko wapi. Maji yakameza maneno yangu. Yeye akavua kofia. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa, kama cha mfiwa.

Mama aliketi chini kwenye tope. Shemeji akamwinua mtoto juu ili tumwone, naye Mama akanyoosha mikono yote miwili, kana kwamba ingefika.

Maji yalipopungua, watu walilaza magogo mapya, shemeji akavuka. Wanawake wa vijiji vya njiani walikuwa wamemnyonyesha mtoto kwa zamu. Mama akampokea, akamfunga mgongoni, akageukia Masisi.

"Na kwa Dada?" nikauliza.

"Tunarudia nyumbani," Mama akasema. "Huyu mutoto iko na njaa."

Nilimkasirikia njia nzima. Nilidhani amechoka, au hamtaki tena Sifa. Mpaka nilipopata binti zangu mwenyewe ndipo nilipoelewa: kaburi lingeweza kungoja, mtoto hangeweza, na maziwa yalikuwa kwetu, kwa majirani wafugaji. Kwa maziwa hayo Mama alimkuza mjukuu wake hadi akawa mwanaume.

Walikale kwenyewe Mama hakufika kamwe. Jioni, kazi zikiisha, aligeuza kiti chake kuelekea magharibi na kukaa hapo hadi giza. Sisi watoto tulidhani anapenda kutazama jua likizama.