Nilimfukia Okech Akiwa Hai

Nilikosa. Naanza barua hii hapo ili usihangaike kutafuta wa kulaumiwa. Hakuna mwingine. Ni mimi, mwalimu wa shule ya msingi karibu na Oyugis, mtu niliyejisifu kwamba naandika mambo kama yalivyo.

Mwaka wa kwanza baada ya uhuru, shule zilipofungwa, nilikwenda Masara kuwaona wachimbaji wa dhahabu. Huko nikamkuta kijana wa kwetu. Nitamwita Okech, jina lake halisi nimelitumia vibaya vya kutosha. Nilikaa naye siku nne. Nilitia kila kitu daftarini: urefu wa shimo, kamba, karai la kuoshea mchanga, mizaha yake.

"Japuonj," aliniambia, maana ndivyo tunavyomwita mwalimu, "mimi sikai hapa. Karibu navuka mpaka kwenda Tanganyika. Dhahabu ya huko haina maringo."

Nikaandika hadithi yake, kwa jina lake na la baba yake, nikaipeleka kwa wachapishaji Nairobi. Wakajibu kwamba ni nzuri, lakini haina mwisho. Mchimbaji anavuka mpaka, halafu?

Halafu! Hata mimi sikujua. Barua kutoka kwake haikuwepo. Basi alasiri moja nikaketi, nikamfukia. Shimo likaporomoka pale Masara, mwili haukupatikana. Kurasa mbili tu. Ee Mungu, na nilivyofurahia zilivyotoka! Kitabu kikachapishwa, na jina sikulibadilisha. Nilidhani kila mtu anajua hadithi ni hadithi.

Wangejuaje? Nyumba nyingi kwetu zilikuwa na kitabu kimoja, Biblia. Vingine vilikuwa vya shule. Kitu kikishapigwa chapa, watu walikiamini.

Auma, mke wa Okech, alikuwa amesoma hadi darasa la nne. Alikiona kitabu sokoni, akakutana na jina la mumewe. Jumapili asubuhi akaja kwangu pamoja na mama mkwe wake, Msabato asiyejua kusoma. Mama alikishika kile kitabu kwa mikono miwili.

"Mwanangu, wewe ulikuwa naye. Haya ni ya kweli?"

Sasa nisikilize vizuri, maana kosa langu liko hapa. Neno "hapana" lilikuwa mdomoni. Lakini hedimasta wetu, aliyekuja kunitembelea asubuhi hiyo, alikuwa amesimama kando yangu, yeye aliyenitembeza kila mahali akisema, "Huyu ndiye mwandishi wetu, haandiki uongo!" Nikaona aibu.

"Mama," nikasema, "yameandikwa."

"Yameandikwa na nani, kama si wewe?" Auma akauliza.

Nikamtazama hedimasta. Mama akaanza kulia pale pale uani.

Nilijiambia nitakwenda kesho kuwaeleza. Kesho ikawa keshokutwa. Odera, mdogo wake Okech, akafunga safari hadi Masara. Akaambiwa mashimo mawili yameporomoka na kaka yake hajaonekana tangu zamani. Ikatosha. Kwa kuwa hapakuwa na mwili, wazee walikata tunda la mti wa yago, lile refu na zito, wakalizika badala ya mwili, ubavuni mwa nyumba yake, kama desturi yetu inavyotaka. Nilikuwepo. Nilishika jembe! Baadaye Odera akamrithi Auma.

Mwaka uliofuata Okech alirudi na baiskeli mpya na leso za mkewe. Wazee walimzuia langoni. Mwenye kaburi ndani ya boma, walisema, haingii tena boma hilo. Na Auma alikuwa na mimba ya Odera.

Okech akaja shuleni kwangu. Sikukimbia. Aliniamuru nimsomee zile kurasa mbili, nikasoma. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo nilikufa bila kusema kitu?"

"Hukusema kitu."

"Hata huo ni uongo. Mimi? Ninyamaze?" Akacheka kidogo, peke yake. "Na mama alipokuuliza, ulimwambia nini?"

Nikamwambia.

Hakunipiga. Laiti angenipiga! Alipanda baiskeli akarudi alikotoka, na sijasikia habari zake tena. Kila Jumamosi mama yake, akienda kanisani, hupita njia ya mbali asiione nyumba yangu.

Ndugu msomaji, hasa wewe unayeandika: usiazime jina la mtu ukalitungia mwisho unaokupendeza. Na kama umekwisha kosea, akaja mtu na kitabu chako mkononi akuulize kama ni kweli, mjibu hapo hapo, hata kama dunia nzima imesimama kando yako. Kurasa zangu mbili zingefutika kwa neno moja. Nilinyamaza ili nililinde jina langu, na leo sithubutu kuliweka chini ya barua hii.