Hita ya Kuonyesha Wageni

Bernado Mseti wa Butiama alistaafu kazi ya maabara ya shule akiwa na pensheni, magoti mabovu na mapenzi ya samaki wa kutazama tu. Magoti majirani waliyaelewa. Lakini kufuga furu, visamaki vya ziwani, ndani ya tangi la kioo sebuleni? Julai baridi ilipokaza, akawanunulia na hita.

"Unawapasha moto?" jirani yake Burito alimuuliza. "Si uongeze nyanya kabisa?"

Bernado aliendelea kuchungulia tangini. Jike wake pekee alikuwa amebeba mayai mdomoni, maana furu huatamia humo. Maji yakipoa ghafla angeweza kuyatema, na uzao ungeishia hapo.

Chini ya tangi lilikaa sanduku la kuchujia maji, lenye vyumba vitatu. Maji machafu huingia cha kwanza, hufurika hadi cha pili, kisha cha tatu, ambako pampu huyarudisha juu. Hita aliiweka cha tatu, kwa sababu za kitaalamu kabisa: ndicho kilichotazamana na kiti cha wageni, na taa yake nyekundu ilionekana vizuri.

Ndicho pia mkewe Euphrasia alichochotea maji ya kumwagilia mchicha, kwa kuwa maji ya samaki yana mbolea. Asubuhi moja alichota ndoo mbili. Hita ikabaki nusu nje, inawaka. Alipoona maji yamepungua, akanyanyua jagi la maji baridi ajazie.

"Mama, usimwage!" Luqmani, fundi wa vioo kutoka Musoma aliyelitengeneza tangi, alikuwa amekuja kukagua pembe inayovuja. Aliacha chai yake, akachomoa waya ukutani. "Hita ya moto ikipata maji baridi inapasuka. Umeme unaingia majini, na mkono wako umo humo humo!"

"Mimi nachotaga hapa kila siku."

"Kila siku?" Bernado aliuliza kutoka mlangoni.

"Ulitaka nimwagilie mchicha na nini, Baba Matrida? Cheti chako cha maabara?"

Luqmani alisubiri hita ipoe, akaihamishia chumba cha pili, akailaza chini izame yote. "Maji yakipungua, yanaanzia kwenye pampu. Hapa kuna ukuta unaoyazuia, hayashuki. Na kabla ya kutia mkono, chomoa waya kwanza."

Bernado alijaribu kukaa kwenye kiti cha wageni. "Haionekani."

"Ni hita, mzee, si picha ya harusi."

Wote watatu wakainama kumtazama jike. Mashavu yake yalikuwa bado yamevimba.

Siku ya tisa baada ya hapo, jike akafungua mdomo, watoto wakatoka. Bernado alihesabu watoto ishirini na watatu, akachanganyikiwa, akasogea karibu aanze upya. Kivuli chake kikawatisha. Wote wakakimbilia mdomoni kwa mama yao.

"Toka hapo," Euphrasia alisema, akimvuta shati. "Mwache mwenzio alee."