Kobe Juu ya Mizani ya Nyama

Juzi kliniki hapa Kilole nesi alimning'iniza kitukuu changu kwenye mizani, nikamkumbuka kobe wa meneja wa shamba la mkonge, niliyezoea kumlisha mchicha utotoni. Alasiri moja jiko lilinuka vitunguu, na baba, mpishi wa meneja, akamweka kobe juu ya mizani ya nyama.

“Baba, mnamla lini?”

“Nani ale kobe, wewe mtoto! Bwana anaona amekonda, anataka kujua kama anaumwa.”

Mnyama apimwe kwa ajili ya afya yake! Sikuamini. Nilisimama mlangoni nikinusa kila sufuria mpaka kobe aliporudishwa bustanini.

Sasa najua baba alisema kweli. Lakini juzi nesi aliponiambia, “Bibi, kaa,” sikukaa mpaka aliponipa mtoto mkononi.