Lokesheni ya Lorine

Shemeji yangu Lorine hununua mbuzi mnadani Ogwedhi na kuwauza mjini Rongo. Aliolewa kwetu kutoka Ndhiwa, ndiyo maana baba humwita Nyar Ndhiwa, binti wa Ndhiwa. Ukimwona mnadani utadhani anagombana na kila mtu. Anampapasa mbuzi mgongo, anabonyeza mbavu, anamfungua mdomo, na akikataa bei amekataa. Watoto wake wote wanasoma kwa mbuzi hao.

Mumewe, kaka yangu Frankline, ni mlinzi wa ghala huko Homa Bay, na huja nyumbani mara moja moja. Mwaka huu alimletea mkewe simu kubwa ya kugusa. Sote tulimsifu. Hakusema kwamba kabla ya kumpa alikuwa amewasha lokesheni, ili akiwa kazini aone kwenye simu yake nukta ikimfuata mkewe kila anakokwenda. Lorine hakujua simu inaweza kufanya hivyo. Hata mimi sikujua.

Siku moja ya mnada, Lorine akiwa ameshika kamba ya beberu mkaidi, Frankline akapiga.

"Unafanya nini baa?"

"Baa gani, Baba Liz?"

"Simu inaonyesha uko baa. Tangu asubuhi hujatoka."

"Hebu sikiliza." Akamwekea beberu simu mdomoni, na beberu akalia. "Huyo ndiye mlevi wangu."

Frankline akakata simu.

Kumbe ua wa mnada haujaandikwa kwenye ramani ya simu. Aliyeandikisha mahali pake ni mwenye baa iliyo nyuma ya ua huo. Kwa hiyo ukisimama katikati ya mbuzi, simu inasema umo baa. Frankline hakutaka kuelezwa. Alikuja Ijumaa, akaomba baba aite kikao.

Tuliketi sebuleni kwa baba, mimi karibu na mlango.

"Huyu mwanamke amekuwa jabayo," Frankline alisema. Hilo kwetu ni tusi la mwanamke mzururaji, asiyetulia bomani kwake. "Aache mnada. Alime kama wenzake."

Mama yetu, Bathsheba, akauliza, "Na hao mbuzi anaokuja nao, siku hizi wanauzwa baa?"

"Mama, simu haidanganyi."

Lorine akasimama. "Sawa. Haidanganyi. Basi washa yako."

"Yangu ya nini?"

"Tuone wewe unalala wapi huko Homa Bay. Baba yuko, Mama yuko. Washa."

"Mimi ni mwanaume."

"Kwani simu inajua nani mwanaume?" mama akasema.

Baba akakohoa. "Frankline, washa tumalize."

"Betri imeisha, Baba."

Papo hapo simu ikalia mfukoni mwake. Ikalia hadi ikanyamaza, kisha ikaanza tena. Hakuitoa. Mama alijifunika uso kwa leso, mabega yakitikisika kwa kicheko.

Baada ya ule ugomvi wa baa, msichana wa duka la simu alikuwa amemwonyesha Lorine pa kubonyeza. Angeweza kuzima kimya kimya, mumewe adhani ni mtandao umepotea. Hakutaka. Aliinua simu juu kila mtu aione, akabonyeza.

"Nimezima. Na simfichi mtu. Ukitaka kujua niko wapi, niulize, nitakujibu. Kunifuata kama ng'ombe aliyeibwa, hapana."

"Nyar Ndhiwa," baba akasema, "keti tuongee."

"Nakuheshimu, Baba. Nitakusikiliza nikiwa nimesimama."

"Jabayo!" Frankline akasema.

"Ndiyo, jabayo. Na huyo jabayo ndiye anayewasomesha watoto wako. Mnada naenda."

Baba hakutoa uamuzi, na Lorine hakuungoja. Siku ya mnada iliyofuata hakununua mbuzi. Alinunua fahali mweusi, kitu ambacho hakuwahi kuthubutu, akamleta mwenyewe kwa barabara kubwa, mchana, mbele ya maduka yote. Frankline alikuwa bado nyumbani. Lorine alipofika langoni kwetu alipunguza mwendo, akamwacha fahali ale majani ya kando ya ua, ili anayetaka kujua alipo atoke amwone.