Kisiagi cha Mama Kilipowaka Tena

Mafundi wa stima walitoka Homa Bay, wakasimamisha nguzo mpya mahali pa zile zilizochomwa wakati wa vita vya mpakani, kati yetu sisi Wajaluo na jirani zetu Wakuria. Nani alianza? Kila upande una jibu lake, nami nimechoka na yote mawili. Siku ya soko, asubuhi, kisiagi cha mama, mashine yake ya kusaga nafaka, kikanguruma tena. Nilipiga vigelegele peke yangu mpaka nikaona haya.

Maana hakuna aliyekuja. Wanawake wa pande zote mbili walisimama mbali na mabeseni yao, wakitazamana. Mashine ya kusaga haitoi unga wote. Wa mteja aliyetangulia hubaki ndani kidogo, ukatoka na wa anayefuata. Miaka yote hilo halikumsumbua mtu. Sasa uvumi ulikuwa umeenea kwamba watu wanatiliana sumu, na hakuna aliyetaka kusaga baada ya adui. Mama alijua kwamba upande mmoja ukisusa, kisiagi kitakuwa cha kabila moja na soko letu litakufa. 

Akamwendea mama mmoja Mkuria, mteja wake wa zamani, aliyebeba beseni la wimbi, yaani ulezi.

"Dada, leta hiyo wimbi."

"Wimbi si husagwa jioni, mahindi ikiisha? Itachafua unga ya watu."

"Leta tu. Mashine ni yangu."

Yule mama akasagiwa. Kabla mashine haijapanguswa, mama yangu akamimina mahindi yetu. Unga ukatoka na madoa ya kahawia ya wimbi. Nilitamani kumshika mkono! Yeye akasonga ugali pale pale nje, akakata tonge, akala mbele ya soko zima. Mama Mkuria akatua beseni lake, akanawa mikono, akala naye.

"Imekosa mboga tu," akasema.

Mtu mmoja akacheka, kisha wengine, na mabeseni yakaanza kusogea. Kabla ya adhuhuri kulikuwa na foleni moja, na kwenye foleni hiyo kulikuwa na ugomvi. Mjaluo akimwambia Mkuria arudi nyuma, Mkuria akimwambia Mjaluo hana adabu, yeye ndiye aliyetangulia, na hakuna aliyefikiria panga. Mama alisimama mlangoni, mweupe kwa unga mpaka kope, akiwafokea wote kwa furaha.