Mkono Uliotulia Penye Wembe

Harufu ninayoikumbuka kuliko zote ni ya spiriti ya kinyozi iliyochanganyika na sabuni ya kipande na omena, dagaa wa ziwani, waliokuwa wakikaushwa juani. Naikumbuka tu, siinusi. Pua yangu iliacha kazi miaka kadhaa kabla mkono haujaanza kutetemeka, na siku hizi nikipita sokoni Homa Bay nawaona samaki kwa macho, lakini hewa ni tupu kama ya chumba kisichokaliwa na mtu. Nikifumba macho, hata hivyo, narudi Sindo, kwenye baraza ya duka la mabati ambako baba yangu, Ojwang', alikuwa na kiti kimoja cha mbao, kioo kilichopasuka pembeni, mashine ya mkono na wembe wa kukunja wenye mpini mweusi. Siku za soko wavuvi wa kisiwa cha Mfangano walishuka na samaki wao, wakauza, kisha wakaja kujipanga kwenye benchi lake. Baba alinyoa kimya, ncha ya ulimi ikiwa imebanwa kwenye kona ya mdomo. Akimaliza, alimgonga mteja begani mara mbili, taratibu, kama mtu anayebisha hodi. Hapo mteja alijua kichwa ni chake tena.

Nilipokuwa darasa la sita, vitu vidogo vidogo vilianza kuharibika nyumbani kwetu, na hakuna aliyeviunganisha. Siku moja uji uliungua mpaka moshi ukajaa jikoni, na baba akaunywa wote bila kusema neno. Mama alinuna siku mbili. "Huyu hata nikimpikia tope atakunywa," aliniambia. Baba alikuwa karani wa kanisa letu dogo la Wasabato, na mwandiko wake, uliokuwa mkubwa na wa kujivunia, ukaanza kusinyaa. Kila mstari ulianza vizuri na kuishia kama safari ya siafu. Nilidhani anabana karatasi. Sauti yake nayo ikapungua. Akisoma fungu la Biblia, wazee wa nyuma walitega masikio na mmoja akamwambia asome kama mtu aliyekula. Tumbo likawa gumu. Alikaa chooni hadi jirani aliyekuwa akisubiri akaanza kukohoa kwa makusudi, na dawa za mizizi alizochemshiwa na mama hazikusaidia sana. Kisha uso wake ukaacha kucheka. Haukuwa na hasira, ila ulikuwa kama nyumba ambayo wenyewe wamesafiri. Mwisho ndipo ukaja mkono wa kulia, kidole gumba kikisugua kidole cha shahada mchana kutwa, kama mtu anayesokota uzi wa nyavu usioisha.

Mkono ndio watu walioutazama. Wengine walisema anakunywa pombe kwa siri, yeye ambaye kwa imani yake hata majani ya chai hakuonja. Wengine walisema ni chira, ile adhabu ambayo sisi Wajaluo tunaamini humfuata mtu aliyevunja mwiko, na wakaanza kukumbuka mazishi ambayo hakuhudhuria. Benchi likapungua watu. Ng'ambo ya barabara kinyozi kijana alikuwa amefungua kibanda chake, na baba alikaa akimtazama akinyoa vichwa alivyovijua yeye mwenyewe, kila kovu na kila kisogo.

Lakini mimi nilijua jambo ambalo soko zima halikulijua. Kila Ijumaa ya pili, kabla jua halijazama na Sabato kuanza, baba alininyoa nyuma ya jiko. Nilikaa juu ya kinu kilichopinduliwa na kuutazama ule mkono ukirukaruka juu ya paja lake kama kifaranga. Kisha aliuchukua wembe, na mkono ulitulia. Ulitulia kabisa. Wembe ulipita nyuma ya sikio langu kama mstari wa maji baridi, na sikumbuki kukatwa hata mara moja. Mkono ule ulitetemeka ulipokuwa hauna kazi. Wateja waliuona ukiwa umepumzika, wakaondoka kabla haujashika kitu.

Siku ninayotaka kuieleza ilikuwa siku ya soko, saa nne hivi asubuhi. Benchi lilikuwa na watu watatu, wengi kuliko wiki nyingi zilizopita, na wa kwanza alikuwa mvuvi mmoja wa Mfangano, mtu wa mizaha aliyenyolewa na baba tangu ujana wake. Yale yaliyosemwa yalisemwa kwa Kijaluo, lakini nayakumbuka vizuri.

"Ojwang', huo mkono unatafuta nini hapo?" mvuvi aliuliza. "Mimi nimekuja kunyolewa, sikuja kuchinjwa."

"Keti," baba akamjibu kwa ile sauti yake ndogo. "Shingo yenyewe haina nyama ya kumpa mtu shughuli ya kuchinja."

Watu wakacheka, na mvuvi naye akacheka, akaweka nusu ya kalio kitini. Laiti angekaa. Aliutazama mkono tena, akainuka. "Mnyoe mwingine kwanza, nione. Mtu wangu, usikasirike."

Nilikuwa nimesimama karibu na nguzo ya baraza pamoja na wenzangu wanne wa shule, maana ilikuwa likizo. Ni lazima niseme kwamba wenzangu hao walikuwa na mchezo wa kusugua vidole kila wanaponiona, na kwamba mimi mwenyewe, ili wacheke pamoja nami badala ya kunicheka, niliwaonyesha jinsi baba anavyotembea kwa hatua fupi, miguu ikiburuta. Nilimwigiza vizuri sana. Sasa baba akanigeukia. Nywele zangu zilikuwa zimefika kunyolewa. Kesho yake ilikuwa ndiyo Ijumaa yetu.

"Odhiambo, njoo ukae," alisema. "Wakuone."

Nilichotakiwa kufanya ni kupiga hatua sita. Nilisikia mmoja wa wenzangu akivuta pumzi ili acheke, na nikasema kwa sauti ambayo benchi zima liliisikia, "Naogopa, baba."

Ulikuwa uongo. Katika dunia nzima mimi peke yangu nilikuwa na sababu ya kutoogopa. Lakini mtoto wa kinyozi akisema anaogopa wembe wa baba yake, nani atabaki? Mvuvi alitazama chini, wale wawili wakanyanyuka bila kuaga. Mimi niliutazama uso wa baba. Niliutazama kwa makini, maana nilitaka kujua nimefanya nini. Uso haukubadilika. Haukukunja hata ukope. Nikajiambia hakuumia, nikakimbilia ziwani kuogelea na wenzangu, na nakiri kwamba nilifurahi.

Baba alikuja na kiti chake siku nyingine mbili za soko, kisha akakiacha nyumbani. Ijumaa ile haikufika kwangu. Alikaa nyuma ya jiko, nami nikazunguka upande wa pili, na hakuniita. Tangu siku hiyo nilinyolewa ng'ambo ya barabara. Baadaye nilipelekwa shule ya upili Migori, na nilipokuwa kidato cha pili baba akaanza kupaliwa na chakula, kifua kikashika ugonjwa, na nikaitwa nyumbani kumzika. Kwa miaka mingi nilijituliza kwa jambo moja, kwamba siku ile uso wake haukuonyesha kitu.

Sasa nina ugonjwa ambao daktari wa hapa Homa Bay anauita Parkinson. Nilipomweleza habari za baba alisema huenda ulikuwa huohuo, ingawa mara nyingi haurithiwi. Alinichorea ubongo kwenye karatasi, akavuta mistari kwenda kwenye pua, koo, tumbo, kibofu, hata kwenye mishipa ya damu, ndiyo sababu nikisimama ghafla dunia inazunguka. Baba hakupata mchoro wala vidonge vya kumeza kwa saa. Mimi ninavyo, na nashukuru. Kisha daktari akachora mstari wa mwisho kwenda usoni. Alisema misuli ya uso huganda, lakini moyo hauna habari hiyo. Mtu anahisi kila kitu, ila hakitoki nje. Nilimwomba arudie.

Mwanangu anaishi Migori. Akipiga simu husema, "Mzee, sikusikii, ongea kwa nguvu," na simu inakuwa fupi. Likizo iliyopita alikuja na mkewe na binti yao, nikafurahi kumwona mtoto mpaka kifua kikauma. Mtoto alisimama mlangoni akanitazama, kisha akamnong'oneza mama yake, "Mbona babu amekasirika?" Waliondoka kesho yake asubuhi.

Ijumaa iliyopita, kabla jua halijazama, niliutoa wembe wa mpini mweusi, nikaunoa kwenye mkanda, nikakaa mbele ya kioo. Mkono ulipoushika, ulitulia. Nilinyoa kichwa chote, polepole, hata nyuma ya masikio, na sikujikata. Nikajigonga begani mara mbili. Nikauweka wembe chini na mkono ukaanza tena kusokota uzi wake. Nilikuwa nalia, nadhani, lakini usoni hakukuwa na kitu. Mtu angechungulia mlangoni angesema mzee huyu hana neno.