Walipiga Makofi Nilipovunjika

Walipiga makofi. Goti langu limeachia, nimelala kwenye sementi ya ukumbi pale Mbulu mjini, napiga kelele, na watu wanapiga makofi. Wengine wakasimama kabisa. Walidhani ndiyo ngoma yenyewe.

Ngoja nirudi nyuma, muelewe.

Mwalimu wa dansi ya kisasa alikuja kwetu Getanuwas na mwenye kikundi cha ngoma cha mjini, wakatukuta harusini. Sisi Wabarabaig, wanawake tunaruka. Unaruka umenyooka kama mkuki, sketi ya ngozi inalia. Enzi hizo hakuna aliyenizidi. Wakanitaka mimi na wenzangu.

Mwalimu akatueleza dansi yake ilikotoka. Kwamba zamani huko Ulaya na Marekani wachezaji walibanwa na viatu, wakitembea kwa ncha za vidole kana kwamba wanaikimbia ardhi. Wakatokea wanawake wakavua viatu, wakacheza peku, wakajifunza kuanguka na kunyanyuka. Mengine walichukua kwa watu wa mbali bila kuwataja. Hilo alilisema mwenyewe.

Shangazi yangu akauliza, "Kumbe wamehangaika kote huko kutafuta miguu?"

Tulicheka sana. Lakini mimi yale maneno yaliniingia. Nikaenda.

Sasa, kwetu ngoma inachezwa pale ng'ombe walipolala. Samadi na vumbi vimekanyagwa mpaka ardhi inakupokea. Tulikuwa hatujui kama kuna ardhi isiyopokea mtu. Kwenye sementi tukaruka vilevile kama nyumbani, tena mwalimu anataka tushukie magoti. "Anguka, mama! Uzito wako ndio ngoma!"

Goti likavimba. Nikamwambia, "Mwalimu, hapa pagumu. Tukachezee nje kwenye udongo."

Akasema mwili unazoea.

Mwenye kikundi ndiye aliyemalizia. "Dada, wageni wa Kizungu wameshaalikwa, usituaibishe. Funga kitambaa, uruke."

Nikafunga, nikaruka. Mengine nimeshasema.

Walinifikisha hospitali, asubuhi hawapo. Ngoma haikufa, iliendelea. Mpwa wangu alinionyesha kwenye simu: msichana mwingine, sketi ya ngozi ileile, anaruka, anaanguka, halafu anapiga kelele kama nilivyopiga mimi. Kilio changu wamekifanya hatua ya ngoma! Mwisho wanatajwa mwalimu na mwenye kikundi. Sisi hatumo.

Hayo ningeyameza. Ila baba alifariki, akapewa kaburi la heshima, lile tunalolijenga miezi mingi mpaka linakuwa kilima. Siku ya kulimaliza binti za marehemu wanaruka, ndivyo baba anavyoagwa. Dada zangu waliruka. Mimi nilikaa chini na fimbo yangu. Wifi yangu akapaza sauti, "We si ndiye wa jukwaani? Wazungu umewarukia, baba yako humrukii?"

Baba nimemuaga nimekaa.

Kwa hiyo nasema wazi, wenye kosa ni wawili, mwalimu na mwenye kikundi, na wote wako hai. Ninyi wawili, msinitumie mtu, wala msinipigie simu ya pole. Njooni Getanuwas wenyewe, msimame kwenye kile kilima, muwaambie dada zangu na huyo wifi kwa nini binti wa mzee hakuruka.